Nyumba, Kete na Mtaji: Bao la Kiswahili katika Vitongoji vya Dar es Salaam

Historia ya vitongoji vya Dar es Salaam aghalabu huandikwa kutokana na majalada ya serikali. Humo husomwa jinsi utawala wa Waingereza, baada ya Vita Kuu ya Pili, ulivyojenga makazi ya Waafrika huko Ilala, Magomeni na Temeke. Barazani, hata hivyo, palikuwapo hazina nyingine ya fikra: ubao wenye mashimo 32 na wachezaji wawili wanaotazamana.

Bao la Kiswahili huanza kwa usawa. Kila mchezaji ana safu mbili za mashimo manane na kete 32: sita ndani ya nyumba, mbili mbili katika mashimo mawili ya jirani, na 22 za kunamua moja moja. Usawa huo haudumu. Mwenye nyumba, sukuma ya kula inapoishia humo, ana hiari ya kulala au kwenda safari. Aliyeipoteza nyumba hana hiari hiyo tena. Basi walioanza sawa hujikuta wakicheza kwa mbinu tofauti: mmoja hulinda, mwingine huvizia.

Katika drafti, mchezo uliozoeleka vijiweni kwa vizibo vya soda, kinacholiwa huondolewa. Katika bao kete zilizoliwa hupandwa upande wa mlaji, na hakuna inayotoka mchezoni. Kete za mkononi zikiisha, huingia hatua iitwayo mtaji, neno lile lile analolitumia mfanyabiashara wa soko la Tandika kwa fedha za kuanzia kazi. Tena, ambaye safu yake ya mbele imebaki tupu ameshindwa, hata kama safu ya nyuma imejaa. Mali iliyofichwa haimwokoi mwenyewe.

Mwalimu Nyerere, aliyeishi Magomeni na baadaye Msasani, alijulikana kwa mapenzi yake ya bao. Itakuwa kupita kiasi kudai kwamba Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilizaliwa ubaoni. Lakini mchezo alioupenda ulionyesha kila jioni kwamba kuanza sawa hakutoshi kudumisha usawa.

Kwa hiyo, atakayelieleza neno mtaji kwa biashara peke yake, bila kuketi barazani, atakuwa ameeleza nusu yake tu.