Matembezi ya Siku Moja kutoka Dallas, Embu

Dallas ni mtaa wa mji wa Embu, chini ya miteremko ya kusini-mashariki ya Mlima Kenya. Anayetoka hapo alfajiri anaweza kupanda kilima, akala chakula chake kileleni na kurejea nyumbani kabla ya giza. Asichokipata ni tao la mwamba, yaani jabali lililotobolewa na maumbile likabaki kama kizingiti cha mlango. Upande huu wa Kenya umejaliwa mahali pa kutazamia mandhari, lakini matao umenyimwa.

Sababu iko kwenye mawe yenyewe. Matao hupatikana zaidi penye mawe ya mchanga, ambayo maji na upepo huyala polepole: zaidi ya 2,000 yamehesabiwa katika hifadhi moja ya Utah, Marekani, na Afrika ina tao refu la Aloba huko Ennedi, Chad. Miteremko ya juu ya Embu na Meru ni zao la volkano iliyozimika zamani. Nyanda za Mbeere nazo zimesimamia miamba ya kale, migumu, ambayo ilibaki kuwa vilima huku ardhi ya pembeni ikisombwa. Volkano nayo huweza kujenga daraja, ila kwa njia nyingine. Huko Rungwe, Tanzania, lava ilipoa juu ya Mto Kiwira ikawa paa, na mto unapita chini yake hadi leo. Wenyeji wanaliita Daraja la Mungu.

Kwa anayeanza, Karue ndicho kilima cha karibu. Kiko kando ya barabara ya Embu kwenda Meru, matatu inamfikisha mtu karibu, na kileleni macho yanashuka hadi nyanda za Mbeere. Kirimiri, karibu na Runyenjes, ni kilima cha msitu, chenye kivuli zaidi.

Kiang'ombe, kaskazini mwa Siakago, si cha mchezo. Kina mita 1,804, jua la Mbeere halina huruma, na maji ni ya kubeba. Masimulizi ya huko yanasema kilima kina wenyewe, viumbe wadogo wasiopenda dharau. Asiyeamini hana hasara akipanda kwa adabu.

Mandhari yenye kishindo yako upande wa Chogoria, kaunti ya Tharaka Nithi, mji uliokua kando ya misheni ya Kiskoti iliyoanzishwa mwaka 1922. Toka hapo hadi lango la Hifadhi ya Mlima Kenya ni karibu kilomita 30 za njia ya msituni, na mvua ikinyesha ni gari lenye nguvu ya magurudumu yote manne tu linaloaminika. Lango liko karibu mita 2,950 juu ya usawa wa bahari. Mianzi inakoma, nyasi za mashuke zinaanza, na upepo unabadilika mara moja.

Siku moja inatosha kuona maporomoko ya Nithi, kupanda kilima cha Mugi au kufika Ziwa Ellis. Ukingo uitwao Temple ni habari nyingine. Hapo mwamba unakatika ghafla, na karibu mita 300 chini limelala Ziwa Michaelson, ndani ya bonde lililochongwa na barafu. Wenye miguu myepesi hujaribu kwenda na kurudi siku hiyohiyo, lakini ukingo huo umepita mita 4,000, na kichwa kikianza kugonga dawa ya kwanza ni kushuka. Busara ni kulala njiani.

Wakati mzuri ni Januari na Februari. Julai kwa kalenda ni kiangazi, lakini upande huu hufunikwa na ukungu wa baridi, na mtu anaweza kusimama ukingoni asione kitu. Hata siku njema mawingu huanza kupanda kabla ya adhuhuri, ndiyo maana waelekezi wa Chogoria huwaamsha wageni kungali giza. Shirika la Wanyamapori (KWS) haliruhusu mtu kupanda mlima peke yake, na ada ya kuingia hulipwa kwa mtandao wa eCitizen. Ni vyema kuilipa ukiwa bado mjini, kwa sababu simu hupoteza mawasiliano msituni.