Maua ya mlimani na ya bondeni: Jinsi ya kuchagua na kutunza bustani Mafiga

BUSTANI ya maua haihitaji eneo kubwa wala fedha nyingi, bali huhitaji mmea unaolingana na hali ya hewa ya mahali unapopandwa. Kwa wakazi wa Kata ya Mafiga, Manispaa ya Morogoro, jambo hilo lina uzito wa pekee kwa sababu hali mbili tofauti za hewa zinakaribiana mno.

Mji wa Morogoro upo takribani mita 500 kutoka usawa wa bahari, lakini vilele vya Milima ya Uluguru vinavyoonekana kutoka mjini humo vinazidi mita 2,000. Kwa kawaida joto hupungua kwa takribani nyuzi 6 za Selsiasi kila mtu anapopanda mita 1,000. Hivyo, ua linalostawi miteremko ya juu, penye ukungu na ubaridi, laweza kunyauka siku chache tu baada ya kuteremshwa Mafiga.

Hiyo ndiyo sababu miche mingi inayonunuliwa ikiwa na maua ya kupendeza hufa mapema. Kabla ya kununua, mnunuzi anapaswa kuuliza mche umekuzwa wapi, juani au kivulini, na una muda gani tangu ulipotolewa huko.

Vitabu vilivyoandikwa Ulaya navyo husomwa kwa uangalifu. Tulipu, kwa mfano, huhitaji wiki nyingi za baridi kali ardhini ndipo zichanue, baridi ambayo Mafiga haipo. Vilevile, vitabu hivyo husema ukuta wa kusini ndio wenye jua. Morogoro ipo kusini mwa Ikweta, na kuanzia Aprili hadi Agosti jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini. Mwezi Desemba huhamia kusini. Mmea usiopenda jua kali unaweza kuwa salama Juni na kuungua Desemba ukiwa mahali palepale.

Mimea ya juani

Kwa eneo lililo wazi, bogenvilia ni chaguo zuri. Asili yake ni Amerika Kusini, na sehemu zake zenye rangi ni majani maalumu yanayozunguka ua dogo jeupe. Ikishashika mizizi huvumilia ukame. Ikipewa maji na samadi kupita kiasi, hutoa majani mengi na maua machache. Hupogolewa mara baada ya kuchanua.

Hibiskasi na asmini hustawi pia, ingawa huhitaji maji zaidi. Waridi la jangwani, lenye shina nene na maua ya waridi, ni mmea wa asili wa nchi kavu za Afrika Mashariki. Adui yake mkubwa ni maji yaliyotuama, ambayo huozesha shina lake. Kwa uzio, masale, ambayo Kilimanjaro hutumika kuonyesha mipaka ya mashamba, huoteshwa kwa vipande vya shina na hukubali kivuli.

Ua la Uluguru lililoenea duniani

Miongoni mwa maua ya vyungu yanayofahamika zaidi katika nyumba za Ulaya na Marekani ni lile liitwalo Saintpaulia, ambalo asili yake ni Tanzania na Kenya. Mwaka 1892, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa Kijerumani wilayani Tanga, alipeleka mmea huo kwao Ujerumani. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland aliuandika rasmi na kuupa jina la familia hiyo. Tangu mwaka 2015 wanasayansi wameuhesabu ndani ya kundi la Streptocarpus.

Milima ya Uluguru ina aina yake ya ua hilo, inayoota kwenye miamba yenye unyevu chini ya kivuli cha msitu. Mazingira hayo ndiyo mwongozo wa utunzaji wake. Aina za bustani huwekwa ndani ya nyumba, karibu na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja. Maji hutiwa kwenye kisahani chini ya chungu, na yanayobaki baada ya nusu saa humwagwa. Majani hayaloweshwi, kwani hupata madoa. Mche mpya hupatikana kwa kuchomeka jani moja lenye kikonyo kwenye udongo mwepesi.

Hata hivyo, mimea hiyo haipaswi kung'olewa msituni. Msitu wa Uluguru ulitangazwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia mwaka 2008, na kuchukua mimea humo bila kibali ni kosa. Aidha, mmea uliozoea mwamba wenye ukungu huishi kwa nadra ukiteremshwa bondeni. Anayeung'oa hupoteza ua, na msitu hupoteza mbegu.

Maji, udongo na wadudu

Masika huanza Machi hadi Mei, na huo ndio wakati bora wa kupanda mimea ya kudumu. Vuli, kati ya Oktoba na Desemba, hufaa pia, ila jua kali hufuata mara baada ya mvua kukatika.

Shimo la upana na kina cha sentimita 40 hujazwa udongo wa juu uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi huunguza mizizi. Pumba za mpunga au majani makavu hutandazwa juu bila kugusa shina, ili kuhifadhi unyevu.

Kumwagilia hufanywa asubuhi au jioni, na ni bora maji mengi mara mbili kwa wiki kuliko kidogo kila siku, kwa kuwa mizizi hufuata maji chini. Kidole kikizamishwa sentimita 5 na kukuta unyevu, mmea unaweza kusubiri.

Vidung'ata hufutwa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Visahani vya vyungu humwagwa na kusuguliwa kila wiki, kwani mbu wanaoeneza homa ya dengue, iliyolikumba Jiji la Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019, huzaliana katika maji kidogo kama hayo.

Tahadhari

Difenbakia huwasha na kuvimbisha kinywa ikitafunwa, na olianda ina sumu kali inayoweza kuua. Isipandwe wanapocheza watoto au kufungwa mifugo.

Lantana, iliyoletwa kutoka Amerika kwa ajili ya mapambo na uzio, leo ni gugu sugu katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, kwa sababu ndege hula matunda yake na kusambaza mbegu. Kwa bustani iliyo chini ya Uluguru, hatari hiyo si ya majirani peke yao. Milima hiyo ni chanzo cha mito inayoingia Bwawa la Mindu, ambalo hulisha mabomba ya Morogoro, na Mto Ruvu unaolisha Dar es Salaam. Matawi na matunda ya mimea ya aina hiyo yachomwe au yafukiwe, yasitupwe korongoni.