Sheria Zisizotaja Rangi: Historia ya Upanga

Mwaka 1924 serikali ya Waingereza iliigawa Dar es Salaam katika maeneo matatu ya ujenzi. Eneo la kwanza lilikuwa la nyumba za makazi za aina ya Kizungu, la pili la nyumba za makazi na biashara, na la tatu la nyumba za aina ya kienyeji. Kwa mtu anayepita juu juu, hiyo ilikuwa kazi ya kawaida ya mpima ardhi na fundi. Ukuta ni wa mawe au wa udongo? Paa ni la vigae au la makuti? Choo kiko wapi? Mwenye nyumba ni nani, hilo halikuulizwa, kwa sababu kila aliyeishi mjini alijua nani ana uwezo wa kujenga nyumba ya namna gani.

Kulikuwa na sababu ya kuzungumza kwa lugha ya matofali. Tanganyika haikuwa koloni kamili bali nchi ya udhamini, iliyokabidhiwa Uingereza na Umoja wa Mataifa wa wakati ule, na masharti ya udhamini yalikataza kuwabagua raia wa nchi wanachama. India, ingawa yenyewe ilikuwa chini ya Mwingereza, ilikuwa mwanachama. Kuandika waziwazi kwamba Mhindi asinunue kiwanja karibu na Wazungu kungezua malalamiko ambayo yangesikika hadi Geneva. Kuandika kwamba nyumba lazima iwe na kiwanja kikubwa na ijengwe kwa gharama fulani hakukumsumbua mtu.

Wajerumani walikuwa wameanza kazi hiyo zamani. Waliufanya mji huu kuwa makao makuu yao mwaka 1891, wakauhamishia utawala kutoka Bagamoyo, na mara wakaanza kuweka kanuni za ujenzi zilizotofautisha sehemu ya nyumba za mawe na sehemu za nyumba za miti na udongo. Wao ndio waliobuni uwanja mtupu wa kuwatenganisha Waafrika na mji wa wafanyabiashara, kwa hoja za afya: mbu, tauni, harufu. Vita vya kwanza vya dunia vikaingilia kati. Waingereza, walioingia mjini Septemba 1916, ndio waliokamilisha mpango huo. Watu walihamishwa, vibanda vikaondolewa, na uwanja ukabaki. Ndio Mnazi Mmoja. Upande mmoja kukawa na Uhindini, maduka chini na familia juu. Upande wa pili Kariakoo, na mitaa yake iliyonyooka kama mistari ya daftari.

Nyumba ya Kariakoo inafaa kutazamwa kwa karibu, maana ndiyo iliyoitwa ya "aina ya kienyeji". Ilikuwa na baraza mbele, mlango katikati, na ukumbi mrefu unaopita hadi nyuma, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto. Mwishoni ukumbi ulifungukia uani, penye jiko, bafu na choo. Mwenye nyumba, ambaye mara nyingi alikuwa mwanamke, alikaa chumba kimoja au viwili na vingine akapangisha. Mpangaji wa chumba cha kwanza angeweza kuwa Mzaramo, wa pili Mmanyema, wa tatu Mnyamwezi aliyekuja kufanya kazi bandarini. Waliokosa fedha za bati walipasua madebe ya mafuta ya taa, wakayanyoosha na kuezekea. Kwa macho ya halmashauri hiyo ilikuwa nyumba duni. Kwa macho ya mjane aliyepokea kodi ya vyumba vinne kila mwisho wa mwezi, ilikuwa pensheni.

Na mstari wenyewe haukushika kama ulivyochorwa. Kufikia miaka ya 1930 Wahindi wenye maduka madogo walikuwa wameenea Kariakoo, wakiuza unga, mafuta na kanga, na wengi wao walilala nyuma ya duka. Oyster Bay nako, mtaa wa maofisa uliokuwa ukijengwa ufukweni ng'ambo ya Daraja la Salenda, hakukuwa na Wazungu watupu hata siku moja. Nyuma ya kila nyumba, mwisho wa bustani, palikuwa na kibanda cha boi, na mle ndani walilala mpishi, yaya na mtunza bustani. Uzunguni kulijaa Waswahili, ila hawakuandikwa kwenye hati ya nyumba yoyote.

Vita vya pili vya dunia viliujaza mji. Bei za vyakula zilipanda, mgawo ukaja, na mgawo huo ulipimwa kwa rangi: Mzungu fungu lake, Mhindi lake, Mwafrika lake. Vyumba vilikosekana. Wahindi waliobanana Uhindini wakatafuta vyumba Kariakoo, na Waafrika wakalalamika kwamba wanafukuzwa hata kwenye eneo la tatu, ambalo ndilo pekee walilopewa. Serikali ikaamua kupanua mji. Kampuni ya wahandisi ya Sir Alexander Gibb ya Uingereza iliandaa mpango mkuu uliokamilika mwaka 1949, na humo lugha ikabadilika tena. Sasa ilikuwa msongamano mdogo, msongamano wa kati na msongamano mkubwa. Viwanja vikubwa vya msongamano mdogo vilikuwa Oyster Bay. Msongamano mkubwa ulikuwa Ilala, Magomeni na Temeke, ambako serikali ilijenga kota za wafanyakazi Waafrika. Msongamano wa kati ulikuwa Upanga.

Upanga ilikuwa imekaa tu pale, minazi na mabonde, kaskazini ya mji, kati ya katikati ya jiji na kijito cha Msimbazi. Mahali pake palieleza kila kitu. Ukienda zaidi ya hapo kuelekea ufukweni unavuka daraja, unaingia kwa Wazungu. Ukirudi kusini unaingia Jangwani na Kariakoo. Katikati wakawekwa watu wa katikati, kwa hesabu ile ile ambayo ngazi za mishahara, shule na wodi za hospitali zilifuata.

Kwa familia za Kihindi, hata hivyo, Upanga haikuwa adhabu. Ilikuwa pumzi. Mtu aliyelelewa katika chumba kimoja juu ya duka, ngazi nyembamba na maji ya kuchota kwa zamu, alipata ghorofa ya vyumba vitatu yenye sakafu ya terazo, baraza linaloingiza upepo wa bahari, na uwanja wa watoto kucheza kriketi. Jumuiya ya Waismailia ndiyo iliyosukuma jambo hili kwa bidii kuliko wengine. Mwaka 1946 imamu wao, Aga Khan wa tatu, aliadhimisha miaka 60 ya uimamu wake, na tarehe 10 Agosti akapimwa uzito wake kwa almasi hapa Dar es Salaam. Jubilii hiyo iliacha zaidi ya picha. Ilizaa mfuko wa uwekezaji uliowakopesha wanajumuiya fedha za kununua na kujenga, na katika miaka ya 1950 nyumba ndogo na maghorofa yakaota Upanga mfululizo. Ukumbi wa Diamond Jubilee, ambao leo unakodishwa kwa harusi, maonyesho na mikutano ya vyama vya siasa, unachukua jina lake huko.

Mwafrika wa Kariakoo hakuwa na mfuko wa namna hiyo. Kiwanja chake alikishika kwa muda mfupi, akilipia serikali kodi ya ardhi, na karatasi aliyokuwa nayo haikumshawishi mwenye benki. Mhindi wa Upanga alikuwa na hati ya miaka mingi. Tofauti ya karatasi hizo mbili ilifanya kazi kubwa zaidi kuliko polisi.

Siasa zilikuja na mgawanyo ule ule wa mafungu matatu. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959 kila mpiga kura alitakiwa kupiga kura tatu: moja kwa Mwafrika, moja kwa Mhindi, moja kwa Mzungu. Ndani ya chama cha TANU wengi walitaka kususia. Mkutano wa Tabora wa Januari 1958 ukaamua washiriki, na wagombea wa rangi zote waliosimama kwa baraka za chama wakashinda. Kiongozi wa chama, Mwalimu Nyerere, wakati huo alikuwa na nyumba Magomeni, mtaa wa Ifunda, katika eneo la msongamano mkubwa. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, bungeni walisimama wabunge waliotaka uraia uwe wa Waafrika peke yao kwanza. Nyerere aliwajibu kwa ukali ambao haukuzoeleka kwake, na akasema wazi kwamba hoja hiyo ikipita serikali yake itajiuzulu. Haikupita. Wahindi wasiozaliwa na haki ya moja kwa moja ya uraia walipewa miaka miwili ya kujiandikisha.

Miaka miwili hiyo iliyatikisa maghorofa ya Upanga kimya kimya. Wako waliojiandikisha siku za mwanzo. Wako waliosubiri hadi mlango unafungwa Desemba 1963. Na wako waliogawana: kaka mkubwa akachukua uraia ili biashara isimame, mdogo akabaki na pasi ya Uingereza, eti upepo ukigeuka wawe na pa kukimbilia. Wanasiasa waliliita jambo hilo mguu mmoja ndani, mmoja nje, na hawakukosea kabisa. Ila haikuwa rahisi kumlaumu mtu ambaye kwa miaka arobaini alikuwa ameambiwa na serikali, kwa ramani, kwamba yeye ni wa fungu lake.

Azimio la Arusha la Februari 1967 liliwakataza viongozi kuwa na nyumba za kupangisha. Miaka minne baadaye, Aprili 1971, ikatungwa sheria ya kutwaa majengo. Jengo lolote la kupangisha lenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 likawa mali ya umma. Aliyekaa mwenyewe katika nyumba yake yote aliachiwa. Jengo lililozidi miaka kumi halikulipiwa fidia. Jipya lililipiwa kwa kadiri ya umri wake.

Hapa ndipo historia ya mji huu inapojirudia kwa namna ya kushangaza. Sheria hii nayo haikutaja rangi. Ilitaja shilingi. Lakini kila aliyeupita mtaa ambao leo unaitwa Samora, au ule wa Uhuru au Upanga, alijua majengo ya zaidi ya shilingi 100,000 ni ya nani, kwa sababu kanuni za 1924 na mpango wa 1949 zilikuwa zimeamua mapema nani ajenge ghorofa na nani ajenge banda la vyumba sita. Waafrika wachache walipoteza majengo. Walioumia ni Wahindi, na si matajiri peke yao: matajiri wa kweli walikuwa na fedha zao nje tangu zamani. Aliyeumia zaidi ni yule karani mstaafu aliyekusanya akiba ya maisha, akajenga ghorofa moja ya fleti nne, akakaa chini na kupangisha juu. Asubuhi moja akawa mpangaji katika jengo alilolijenga mwenyewe. Baadhi walikata rufaa na kurudishiwa, lakini wengi hawakusubiri.

Walioondoka walikwenda Uingereza, Marekani, na kwa wingi Kanada. Mwandishi M. G. Vassanji, aliyezaliwa Nairobi na kukulia Dar es Salaam, amewaandika katika riwaya yake No New Land, ambamo familia iliyotoka Dar inajikuta katika maghorofa ya Don Mills, kitongoji cha Toronto, imezungukwa na jirani zake wa zamani, majina yale yale, umbea ule ule. Watu waliotoka mtaa wa fungu lao wakajenga mwingine ng'ambo ya bahari, safari hii bila mpango mkuu wa mtu yeyote.

Nyumba zilizotwaliwa ziliingia mikononi mwa Msajili wa Majumba, na hadi leo wazee wa Upanga wanazungumzia "nyumba za msajili". Waliopangishwa ni watumishi wa serikali, walimu, madaktari wa Muhimbili, maofisa wa jeshi. Kwa mara ya kwanza ngazi moja ya ghorofa ilipandwa na Mhaya, Mgoa, Mchaga na Mbohora kwa pamoja. Shule zilikuwa zimetangulia: shule ya wavulana ya Aga Khan ikawa Tambaza, na watoto wa Upanga na watoto wa Magomeni wakakaa dawati moja. Nani alimwalika nani kwenye harusi ni suala jingine. Watu wa kizazi hicho husimulia zaidi juu ya sahani za Idi na Krismasi zilizopita ngazini, na kidogo sana juu ya ndoa. Kuna maeneo ambayo ujirani uliishia mlangoni, na si haki kulaumu upande mmoja.

Mwaka 1990 ofisi ya Msajili ilivunjwa na majengo yake yakahamia Shirika la Nyumba la Taifa, lililokuwapo tangu 1962. Tangu hapo Upanga imebadilika sura. Nyumba ndogo za miaka ya 1950 zimebomolewa moja baada ya nyingine, na mahali pake yamesimama maghorofa marefu yenye geti, walinzi na jenereta. Familia za Kihindi bado zipo, na jamatkhana za Waismailia na misikiti bado inajaa, lakini jirani wa sasa anaweza kuwa mfanyabiashara wa Kariakoo, Mchina wa kampuni ya ujenzi au mbunge. Kiingilio ni kimoja kwa wote, nacho ni kodi, ambayo wenye nyumba wengi wanataka ilipwe kwa miezi sita au mwaka mzima, na hadi mwaka 2025 baadhi yao waliitaka kwa dola.

Ng'ambo ya Jangwani, zile kota za Magomeni zilizojengwa kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika zilibomolewa mwanzoni mwa miaka ya 2010, na wakazi wake wakabaki bila makazi yao kwa miaka kadhaa. Mwaka 2016 Rais Magufuli aliwaahidi kwamba watajengewa upya na kurudishwa. Machi 2022 Rais Samia alizindua maghorofa mapya, na kaya 644 za zamani zikapewa nafasi humo. Kaya hizo zina haki ya kuuziwa fleti zao, na mjadala ulioanza siku ile ile ya uzinduzi ulikuwa wa bei, na kama thamani ya ardhi iingizwe katika bei hiyo au iachwe.