Joto Lililotangulia: Matanuri ya Chuma ya Wahaya

Wahunzi wa Kihaya, magharibi mwa Ziwa Victoria, waliyeyusha chuma kwa karne nyingi. Mabomba ya udongo yaliyounganishwa na mivuo yaliingizwa ndani kabisa ya tanuri, juu ya shimo lililojazwa nyasi za kinamasi zilizounguzwa. Makaa yaliyazunguka mabomba hayo, kwa hiyo hewa ilipita kwenye udongo wa moto kabla ya kuufikia moto wenyewe.

Mwaka 1976 wazee walioikumbuka kazi hiyo walijenga tanuri upya mbele ya mwanaakiolojia Peter Schmidt na mtaalamu wa metali Donald Avery. Vipimo vya joto vilichukuliwa. Mwaka 1978, katika jarida la Science, wawili hao walidai kuwa hewa ilipashwa moto mapema, na kwamba tanuri lilizidi joto la matanuri ya Ulaya ya aina hiyo. Huko Scotland, mvumbuzi Neilson alipata hataza ya kupuliza hewa moto tanurini mwaka 1828 tu.

Wengine, akiwamo mwanaakiolojia David Killick, walipinga: hewa hupita bombani haraka mno, haiwahi kupata joto kubwa. Ubishi wa vipimo haujaondoa jambo moja: chuma cha wazee hao kilipatikana.