Mdudu Aliyelisafisha Ziwa

Ukikaa na wazee wa Kirumba, Mwanza, mkagusia miaka ya gugu maji, utasikia sifa zikigawiwa kila upande. Huyu atasema mvua ya El Niño ndiyo iliyolisomba, yule atasema ni fedha za mradi, na mama lishe aliyekaa pembeni atadakia kwamba Mungu tu alituhurumia. Mdudu hatajwi. Mimi ni mtoto wa hapo hapo. Baba alikuwa na mitumbwi ya makila, na miaka ile mimi ndiye niliyekuwa namshikia daftari la mauzo mwaloni. Basi leo nimeamua kumtetea mdudu.

Gugu lenyewe ni mgeni. Asili yake ni bonde la mto Amazoni, na lilivuka bahari kwa sababu ya uzuri wake. Lina ua la zambarau, nalo lilipendwa na wenye bustani na vidimbwi vya mapambo. Kabla karne ya 19 haijaisha lilikuwa limeshafika Misri. Miaka ya 1950 likautawala mto Kongo, na hapa kwetu likaonekana mto Sigi, Tanga, mwaka 1955, kisha Pangani. Ziwa Victoria lilichelewa kupatwa. Gugu lilionekana kwanza Ziwa Kyoga, Uganda, mwaka 1988, na muda mfupi baadaye likawa limeingia kwetu, huku mto Kagera ukiendelea kuteremsha mafungu mapya kutoka Rwanda.

Asiyeliona hawezi kuamini kasi yake. Penye joto na maji yenye mbolea, eneo linalofunikwa huweza kuongezeka maradufu ndani ya wiki mbili. Mwaka 1998 Ghuba ya Winam, upande wa Kisumu, ilifunikwa na takriban hekta 17,000. Kule Jinja lilikuwa linaziba njia ya maji ya bwawa la umeme. Kwetu mwaloni mtumbwi ungeweza kulala salama jioni, asubuhi ukaukuta umezingirwa, wenye injini wakishindwa kwa sababu pangaboi lilijisokota mizizi. Kurasa za daftari la baba zilianza kuwa nyeupe. Sangara na sato walipungua karibu na ufuko kwa sababu chini ya lile zulia hewa ya oksijeni huisha. Lakini lazima niseme na hili, maana watu hulisahau: waliokuwa wakivua kamongo na kambare walifurahi. Samaki hao huvumilia maji yenye hewa kidogo, na chini ya gugu walijificha wakaongezeka. Hata furu wadogo, ambao sangara alikuwa amewala karibu wote waishe, walipata pa kujibanza.

Wakati huo kila kikao kilikuwa na mtu wa kudai sumu. Ipulizwe, iishe! Ni hoja tamu kwa mtu ambaye nyavu zake zimekaa juu ya miti wiki nzima. Lakini Wabelgiji walipuliza dawa ya 2,4-D kwenye mto Kongo miaka ya 1950 kwa gharama kubwa, na gugu liko mtoni mpaka leo. Sudan nayo ilipuliza kwenye Nile Nyeupe. Shida si sumu peke yake. Gugu likifa lote kwa mpigo huzama na kuoza pamoja, uozo ule unanyonya oksijeni, na samaki wanakufa nalo. Tena sisi maji ya ziwa tulikuwa tunakunywa. Na mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulifunga soko la samaki wa ziwa letu kwa miezi kadhaa kwa sababu ya watu waliovua kwa sumu. Baada ya pale, aliyetaja dawa mbele ya wenye viwanda vya minofu alinyamazishwa mara moja.

Ndipo anapoingia mbawakavu. Ni mdudu wa rangi ya kahawia mwenye mdomo mrefu, urefu wake milimita tano tu, naye anatoka huko huko Amerika ya Kusini lilikotoka gugu. Wako wa aina mbili, wote wa jenasi ya Neochetina, na Wamarekani waliwaachia Florida kuanzia mwaka 1972. Mkubwa hukwangua jani na kuliachia makovu. Kazi nzito ni ya funza wake: wanatoboa shina, wanashuka hadi kwenye kitovu cha mmea, kisha wanajitengenezea vifuko kwenye mizizi chini ya maji. Gugu linajaa maji, linakosa nguvu ya kuelea, linazama polepole. Kabla ya kuachiwa walijaribiwa kwa mimea mingine mingi, na ikathibitika kwamba bila gugu maji hawawezi kukamilisha maisha yao. Mpunga wako hawaugusi, wala mafunjo.

Tanzania ililea mbawakavu hao Kibaha, wakaachiwa kwanza Sigi na Pangani mwaka 1995. Uganda iliwatia Ziwa Victoria mwaka huo huo, Kenya na sisi tukafuata mwaka 1997. Kando ya ziwa yalijengwa matangi ya kulelea, na wanavijiji wakafundishwa kuyahudumia. Vijana wa mwalo wetu walicheka. Tembo mzima huyu, ndiye wa kuuawa na kijidudu? Huku wakicheka, akina mama na wavuvi waliendelea kung'oa kwa mikono, mapanga na reki, wakilirundika juu mbali na maji likauke. Kazi ile ilitufungulia njia za mitumbwi na mahali pa kuchota maji, basi. Hakuna mikono ya kung'oa maelfu ya hekta.

Kufikia mwaka 2000 sehemu kubwa ilikuwa imetoweka. Wataalamu walibishana kwa miaka kadhaa: wengine walisema mawingu na mawimbi ya El Niño ya 1997/98 ndiyo yaliyofanya kazi, wengine wakamsimamia mbawakavu. Kwa maoni yangu mawimbi yalivunja mmea ambao ulikuwa umeshaliwa ndani. Mvua kubwa zilinyesha miaka mingine pia, wala gugu halikuondoka.

Mapema mwaka 2025 vivuko vya Kigongo na Busisi vilikwamishwa tena na magugu, na safari hiyo lilikuwamo gugu jingine, salvinia. Hilo nalo lina mbawakavu wake. Alisafisha Ziwa Moondarra, Australia, mwanzoni mwa miaka ya 1980, na Naivasha wanamjua tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kwa hiyo mwenye lambo au bwawa la samaki asikimbilie bomba la kupulizia. Gugu likiwa dogo, ling'oe kwa mkono, na mafunjo na matete yaache, ndimo ndege wanamotaga na vifaranga vya sato wanamojificha. Likiwa kubwa, mwone ofisa kilimo umuulize kuhusu mbawakavu, kisha acha kipande cha gugu bila kukigusa ili mdudu asife njaa. Na halmashauri za kandokando ya ziwa zijenge upya matangi ya kulea mbawakavu, tena zizuie maji taka yanayoteremka na mto Mirongo, kwa sababu hayo ndiyo chakula cha gugu, na mbegu zake hukaa hai ndani ya tope kwa miaka 15 na zaidi.