Khabari za Hati za Ujenzi katika Programu Huria za Barua Pepe

Katika kila fungu la msimbo wa programu huria aghalabu huwamo faili moja fupi, iliyoandikwa kwa maneno makavu yasiyo na pambo, imuarifuyo mgeni ni maktaba zipi sharti awe nazo, ni kompaila ya toleo gani, na ni amri zipi azitoe, moja baada ya nyingine, hata msimbo ule ugeuke programu itendayo kazi. Waandishi wa tarehe ya kompyuta wamemsifu, na kwa haki, Ray Tomlinson, ambaye mwaka 1971 huko Cambridge, Massachusetts, alipeleka barua baina ya mashine mbili kwa njia ya mtandao na kuichagua alama ya @ itenge jina la mtu na jina la mashine yake. Lakini walioandika na kusahihisha faili zile za ujenzi hawajapata msimulizi, ilhali bila ya wao programu nyingi za barua zingalibaki milki ya wachache waliozitunga, hata kama msimbo wake ungalitandazwa mbele ya ulimwengu mzima.

Hapo mwanzo haja ya hati hizo haikudhihirika, kwa sababu mtunzi na mtumiaji walikuwa jirani, na mashine zao ni za namna moja. Mwaka 1976 Stuart Feldman, katika maabara za Bell, alitunga programu iitwayo make, ambayo husoma faili ielezayo kitu gani chategemea kitu gani, kisha ikajenga upya kile tu kilichobadilika. Na huo ndio uliokuwa utegemezi wa ndani, wa sehemu kwa sehemu za programu moja. Utegemezi wa nje, yaani wa programu kwa vitu visivyokuwa vyake, uliwaelemea watu pale Unix ilipotawanyika katika matawi mengi, kila kampuni ya mashine ikawa na tawi lake. Sendmail, aliyoitunga Eric Allman katika Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, na ambayo mwaka 1983 ilitoka pamoja na mfumo wa 4.2BSD, ilisafiri katika matawi hayo karibu yote, na kila ilikofika palihitajika neno jipya katika maelezo yake.

Pine ni mfano wa kuupa nafasi. Programu hii ya kusomea barua ilianza kutungwa mwaka 1989 katika Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, kwa ajili ya watumishi wa chuo wasiokuwa mafundi, na mtu aliyetaka kuijenga alitakiwa aandike neno build likifuatiwa na herufi tatu za kuutambulisha mfumo wake: lnx kwa Linux, nxt kwa mashine za NeXT, ult kwa Ultrix, osf kwa OSF/1. Mwenye kuisoma orodha hiyo leo huona mifumo mingi iliyokwisha kuondoka sokoni, na kwa maoni yangu ina thamani kubwa kwa mwanahistoria, maana yaonyesha yakini ni mashine gani zilizotumika kusomea barua katika zama zile. Lakini kwa mjenzi ilikuwa na dhiki yake, kwani mwenye mfumo usiotajwa hakuwa na herufi tatu za kuandika.

Mwaka 1991 yalitokea mambo mawili yaliyoibadili desturi yenyewe. La kwanza ni la sheria. Leseni ya GPL ya toleo la 2, iliyotolewa mwezi wa Juni, ilipoeleza ni nini msimbo kamili wa programu, iliongeza sharti lisilokuwamo katika toleo lililotangulia, kwamba skripti za kuongozea ujenzi na usimikaji nazo ni sehemu ya msimbo huo. Kwa hiyo mwenye kumpa mwenziwe msimbo akamficha njia ya kuujenga hakutimiza wajibu wake. La pili ni la ufundi. David MacKenzie, aliyekuwa akizitunza programu nyingi za GNU na kuchoshwa na kuieleza kila mashine tofauti zake kwa mkono, alianza kutunga Autoconf, ambayo huunda skripti ya kuipeleleza mashine yenyewe na kuuliza una hiki, una kile. Tangu hapo amri tatu, ./configure, kisha make, kisha make install, zikaenea, na Pine nayo, ilipozaliwa upya kwa jina la Alpine mwaka 2007, ikaifuata njia hiyo.

Ungedhani kwamba skripti ipelelezayo mashine imeikomesha kazi ya mwandishi. Haikuikomesha, kwa kuwa skripti hukuambia kilichokosekana, wala haikuambii kwa nini chatakiwa wala kipi kingefaa badala yake. Mutt, iliyoanzishwa na Michael Elkins mwaka 1995, mwanzoni haikuomba mengi: kompaila ya lugha ya C na maktaba ya kuchorea skrini. Barua zilipoanza kusafiri kwa siri katika njia za TLS, ikabidi itajwe maktaba ya usimbaji, kama vile OpenSSL, na hapo ufundi ukakutana na sheria, kwani leseni ya zamani ya OpenSSL ilikuwa na masharti yasiyopatana na GPL, hata mafundi wa mfumo wa Debian wakaijenga Mutt yao juu ya maktaba nyingine, GnuTLS. Kisha mwaka 2016 likatoka toleo la 1.1.0 la OpenSSL, lililoyafunga maumbo ya ndani ambayo programu nyingi zilizoea kuyagusa moja kwa moja. Na hati iliyosema tu kwamba OpenSSL yahitajika, bila ya kutaja toleo, ikageuka upotoshi kwa siku moja, bila ya herufi yake hata moja kubadilishwa.

Netscape nao, walipoutoa msimbo wa Communicator, programu yao ya kivinjari na barua, tarehe 31 Machi 1998, walilazimika kwanza kuziondoa sehemu za usimbaji, kwa sababu ya sheria za Marekani za kusafirisha nje maarifa hayo. Na tena, aliyetaka kuujenga msimbo huo juu ya Linux alihitaji Motif, maktaba ya kuuzwa. Mlango ulikuwa wazi, na ufunguo wauzwa dukani. Naamini kwamba jambo hilo liliwazuia wengi kushika kazi ile mapema, nao walikuwa na ari na maarifa ya kuifanya.

Kutoka katika msimbo huo, baada ya kuandikwa upya kwa sehemu kubwa, ilizaliwa Thunderbird, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka Disemba 2004. Utegemezi wake mkubwa ni Firefox: huwezi kuijenga programu hii ya barua mpaka uwe na msimbo wa kivinjari kizima. Kwa miaka mingi mjenzi aliichukua kwanza hazina ya comm-central, yenye sehemu za barua, na ndani yake skripti ikamletea ile ya Mozilla, yenye msimbo wa Firefox. Mwaka 2018 mpango ukageuzwa juu chini, ikawa Mozilla ndiyo folda ya nje, na sehemu za barua zakaa ndani yake katika folda iitwayo comm. Mabadiliko hayo yalikuwa ya maana, lakini kila ukurasa wa maelezo ulioandikwa kabla yake ukawa ghalati. Mgeni aliyeufuata kwa uaminifu, hatua kwa hatua, aliishia kwenye kosa asilolielewa, akadhani kasoro ni yake. Hao ndio wanaonihuzunisha zaidi katika tarehe hii, kwani hakuna daftari lililoandika majina ya walioondoka kimya kimya namna hiyo.

Toleo la 78, la mwaka 2020, lilileta jingine. Usimbaji wa OpenPGP, ambao hapo kabla ulipatikana kwa nyongeza ya Enigmail ikishirikiana na GnuPG, uliingizwa ndani ya Thunderbird yenyewe. Na kwa kuwa leseni ya GnuPG haikuruhusu kufungashwa pamoja na programu ya leseni ya MPL, ikachaguliwa maktaba ya RNP, ambayo nayo wakati ule ilitegemea Botan na json-c. Hivyo uamuzi mmoja wa kisheria ukaongeza majina matatu katika orodha ya mjenzi.

Siku hizi mjenzi wa Thunderbird hutoa amri ya mach bootstrap, nayo humletea vifaa karibu vyote, na kurasa za ujenzi wa Firefox zimehamishwa kutoka tovuti ya MDN zikawekwa ndani ya hazina ya msimbo wenyewe, ili abadilishaye utegemezi aweze kuubadilisha na ukurasa wake katika badiliko lile lile, mbele ya mkaguzi yule yule. Hata hivyo mafundi wa Debian na wa FreeBSD, ambao kanuni zao huwataka wajenge kwa vifaa vya mfumo wao wala si kwa vilivyopakuliwa vikiwa vimekwisha kujengwa na wengine, hawawezi kuitegemea amri hiyo. Wao wangali wanahitaji kuisoma orodha, iliyo kamili na yenye matoleo, iliyoandikwa na mtu aliyeijaribu kwenye mashine tupu.