Urejeshaji wa Hifadhidata: Istilahi Inayodai Ushahidi

Tuseme chama cha ushirika cha Ndalambo, wilayani Momba, kinaweka hesabu za ufuta kwenye kompyuta. Jedwali moja lina wakulima, la pili mizigo iliyopimwa, la tatu malipo. Hiyo ndiyo hifadhidata ya kimahusiano. Wengi hudhani jina limetokana na viungo kati ya jedwali na jedwali. Edgar F. Codd, Mwingereza aliyeueleza mfumo huu mwaka 1970 akiwa IBM, alichukua neno lake kutoka hisabati: kwake jedwali lenyewe ndilo uhusiano, kwa kuwa kila mstari wake hufungamanisha namba ya mkulima, jina na kijiji.

Viungo navyo vipo, na ndivyo vinavyoifanya nakala rudufu kuwa kazi ya uangalifu. Ukinakili jedwali la wakulima saa nne na la malipo saa tano, huku karani akiendelea kusajili watu, utapata malipo ya mkulima asiyekuwemo. Ndiyo maana programu kama PostgreSQL hunakili hifadhidata nzima kama ilivyokuwa kazi ilipoanza. Lakini nakala ya usiku haina mizigo ya asubuhi. Anayetaka kufika dakika ya mwisho kabla umeme haujakatika anahitaji pia kumbukumbu ya miamala, ambayo programu huipitia upya, badiliko baada ya badiliko, juu ya nakala ya mafaili yenyewe ya hifadhidata.

Kwa hiyo kurejesha si kunakili kinyumenyume. Ni kuirudisha hifadhidata katika hali iliyokuwa sahihi wakati fulani, na neno letu, urejeshaji, linastahili kubeba maana hiyo yote.

Lakini hali hiyo haithibitiki mpaka nakala ijaribiwe. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa kampuni ya programu ya GitLab alifuta kwa makosa data ya seva kuu. Nakala za kila siku zilipotafutwa, hazikuwepo: toleo la programu ya kunakili halikulingana na la hifadhidata, na kazi ilikuwa ikishindwa bila wahusika kujua. Kilichowaokoa ni nakala nyingine, iliyochukuliwa takriban saa sita kabla. Data ya saa hizo ilipotea.

Basi wewe unayetunza kompyuta ya ushirika, kila mwezi rejesha nakala yako kwenye mashine nyingine. Hesabu wakulima, linganisha jumla ya malipo na daftari. Hesabu zisipolingana, bado huna nakala rudufu.